Sela ya Mama Zack

Beldina Apiyo, mchuma chai wa karibu na Kapsoit, hakuwa mtu wa kubishana na pasta. Lakini tangu mwanawe Zack afe kwa ajali ya pikipiki, akazikwa kwao Siaya, Zaburi ya themanini na nane ilikuwa imemvuruga kichwa. Zaburi nyingine zinalia weee, mwisho zinapangusa machozi. Hii inalia mpaka gizani, basi. Na katikati ya kilio, neno la Kiebrania limekaa peke yake, mara mbili: Sela.

"Pasta, hii Sela ni nini?" alimuuliza Pasta Kipkosgei, aliyekuja kumletea maziwa Jumamosi.

Kipkosgei alijikuna kidevu. "Wengine wanasema nyamaza kidogo. Wengine wanasema inua sauti. Ukweli, Mama Zack, hakuna mtu anajua."

Wasomi wote hao, neno moja likawashinda wakaliacha vile vile! Ilimkasirisha Apiyo. Ajabu ni kwamba ilimfariji pia, na hakuelewa kwa nini.

"Kesho kanisani nitasoma zaburi hiyo."

"Hiyo? Soma ya ishirini na tatu, watu wapate moyo."

"Watu wapate moyo. Na mimi je?"

Sasa, ibada ya kambi ya wachuma chai ina tabia yake. Msomaji akinyamaza kidogo tu, Tecla, kiongozi wa nyimbo, anatoa wimbo na makofi yanafuata, machozi yasipate nafasi. Nia yao ni njema, sikatai. Lakini tangu mazishi, Apiyo hakuwa ameachwa amalize kulia hata mara moja, na hicho tu ndicho alichotaka.

Jumapili alisoma. Kwenye Sela ya kwanza hakujua anyamaze au apaze sauti, akakwama. Tecla akatoa wimbo papo hapo. Apiyo akainua mkono kumzuia, mpaka ikasikika mvua peke yake juu ya mabati. Akaendelea. Sela ya pili akakwama tena, na safari hii hakuna aliyethubutu kuimba. Alisoma mpaka lile giza la mwisho, akafunga Biblia, akalia kwa sauti. Watu walitazama viatu vyao. Pasta alitazama mlango.

Alilia sana. Kisha Tecla, ambaye hajawahi kukosa wimbo, akasogea akamshika bega.

"Mama Zack, umemaliza? Niimbe?"

"Sijui," alisema Apiyo. "Kaa tu hapa."

Tecla akakaa.