Siku Wanaume Walipogombea Ufupi

Jamani, wiki hii nimeona mambo! Kule mwaloni, Ilemela, mitumbwi inaposhushia samaki, tulipanga foleni kumeza dawa ya kichocho. Mizani hakuna. Nesi anakusimamisha kwenye ufito wenye alama, na urefu wako ndio unaosema umeze vidonge vingapi. Vidonge vyenyewe vikubwa, vichungu balaa.

Mbele yangu alikuwa mvuvi mmoja wa miraba minne. Alipofika kwenye ufito, koti lake refu likaanza kugusa ardhi.

"Baba, nyoosha magoti," nesi akasema.

"Ndivyo nilivyoumbwa, mwanangu."

Mkewe akachomoka kwenye foleni. "Mwongo huyo! Jana kabadilisha taa ya sebuleni bila stuli! Baba watoto, nyooka. Unatoa damu chooni, unataka nilee peke yangu?"

Mvuvi akanyooka taratibu, akaipita alama ya mwisho. Tukashangilia kama vile goli limeingia!

Mjini hapa tunajirefusha kwa viatu na kwa maneno, lakini mbele ya vidonge vile kila mwanaume alitamani ufupi. Nilikuwa bado nacheka zamu yangu ilipofika. Nesi hakunitazama usoni. Alitazama magoti yangu.