Chupa Iliyozikwa Chiungutwa

Sikudhani wa kijiji cha Chiungutwa, Mama Pili, alikuwa mwanamke wa kazi. Katika kubangua korosho alikuwa na mkono mwepesi kuliko wenzake wote, na ulimi mwepesi zaidi. Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na magari yao, maumivu yalimshika tumboni, chini upande wa kulia. Hospitalini wakasema ni kidole tumbo, wakampasua.

Siku ya tatu daktari alikuja na chupa yenye dawa ya kuhifadhia, ndani mna kitu kinene kama bamia kubwa.

"Mama Pili, kidole tumbo kikiugua huwa na usaha. Chako kimejaa ute. Ni nadra sana. Huenda si kitu, huenda ni mbegu ya saratani. Ndugu waipeleke chupa hii Dar es Salaam ikapimwe. Jibu likija baya, tutakupasua tena mapema."

Mumewe, Muharami, alikuwa tayari kupanda basi. Lakini kwao mwenye neno juu ya mtoto wa dada ni mjomba, na mjomba Ashiru alishakunja uso.

"Shikamoo, mjomba," Muharami alisema.

"Marahaba. Nyama ya mwanangu uipakie basi pamoja na kuku wa watu? Kiungo cha mtu huzikwa."

"Daktari amesema..."

"Daktari kamaliza kazi yake. Mgonjwa si huyu hapa, anakula?"

Wote wakamtazama Sikudhani. Maumivu yalikuwa yametulia, na mjomba ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki.

"Izikeni," akasema.

Chupa ikafungwa kitambaa cheupe, ikazikwa nyuma ya nyumba.

Mwaka wa pili tumbo likaanza kupanda. Kisimani wenzake wakamtania: "We Mama Pili, umri huu bado unatafuta kitinda mimba?" Akacheka nao. Lilipokuwa kubwa kama la miezi saba, alirudi kwa daktari yule yule.

"Jibu la Dar liko wapi?"

"Chupa tuliizika, daktari."

Alimpasua, akakuta ute umetapakaa tumbo zima, akamshona. Hakumkaripia. Alimweleza yeye na Muharami kwamba ni saratani, na haikatiki tena.

Mjomba Ashiru alifika kwa baiskeli, jasho likimtiririka. "Amesemaje, mwanangu?"

Sikudhani alimtazama mzee huyo aliyembeba mgongoni utotoni.

"Maji tu, mjomba. Yatakauka."

"Alhamdulillahi," mzee akasema, akamfunika miguu.

Sikudhani alifariki kabla mikorosho haijachanua. Mpaka leo Ashiru huwaambia wageni kuwa maji ndiyo yaliyomuua mwanawe, na Muharami, aliyesikia yote wodini, humwachia aseme.