Mtungi wa Wadi ya Wanaume

Mama alianza kuniita Daktari miaka mitatu kabla sijastahili. Siku niliyompelekea habari kwamba chuo kimenipokea, alikuwa ufuoni Dunga akiparua samaki aina ya ngege, magamba yamemjaa hadi viwikoni. Nilimweleza taratibu kwamba huu si udaktari wa kutibu watu, ni wa kusimamia hospitali. "Wewe si ndiye unaambia wale wa kutibu watibu?" akauliza. Kisha akawageukia wenzake wauza mbuta na omena, akawaambia kuanzia leo waniite Daktari, nao wakaniita. Nilifurahi. Sitajifanya kwamba sikufurahi.

Nilikuwa msimamizi wa hospitali moja ya mjini, si kubwa, wadi mbili zinazotazamana, ya wanawake na ya wanaume, na korido nyembamba katikati. Shahada niliyoifuata ni ile ya uzamivu ya watu walioko kazini. Huandiki mambo ya vitabuni tu. Unachagua tatizo moja la mahali pako pa kazi, unalitengeneza, unaonyesha kwa takwimu kwamba limetengenezeka, halafu unasimama mbele ya jopo la maprofesa kuitetea kazi yako. Mimi nilichagua mtungi wa oksijeni.

Wagonjwa wetu wenye shida ya kupumua hutegemea mashine inayotumia stima. Stima ikipotea, na Kisumu hupotea kila mawingu yakikusanyika juu ya ziwa, jenereta huchukua dakika kadhaa kuamka. Dakika hizo mgonjwa hupumua kwa mtungi wa akiba uliosimama pembeni mwa wadi. Kila wadi ina mmoja. Kabla yangu, hakuna aliyejua kama umejaa au ni chuma kitupu hadi siku ya kuuhitaji.

Basi nikabuni rejista. Asubuhi, mchana na jioni, muuguzi asome geji ya mtungi, aandike namba, atie sahihi. Stoo nao waagize mitungi mingine kwa kufuata rejista hiyo, si kwa kukisia. Nilijiona mjanja sana.

Miezi ya kwanza kurasa zilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Nikakasirika, na mimi nikikasirika sifichi. Nilibandika ukutani orodha ya wanaojaza na wasiojaza, majina ya wasiojaza kwa wino mwekundu, mahali ambapo hata wanaokuja kuona wagonjwa wangeyasoma. Haikupita muda mapengo yakaisha. Grafu yangu ikapanda hadi juu, ikakaa huko.

Profesa aliyekuwa akiniongoza aliitazama grafu hiyo kwa video. "Mstari wako umenyooka sana," akasema mwishowe. "Hospitali gani hii isiyokuwa na siku mbaya?" Nikamjibu kwamba watu wetu wamebadilika. Aliandika kitu mahali nisipopaona, tukaendelea na sura iliyofuata.

Nilijua alichokuwa anakinusa, kwa sababu wiki hiyohiyo nilikuwa nimefungua rejista ya wadi ya wanawake saa nne asubuhi na kukuta kisanduku cha jioni kimeshajazwa. Namba ipo, sahihi ipo. Muuguzi mkuu, mwanamke aliyenizidi umri na ambaye sijawahi kumwona ameketi, hakuona haya hata kidogo. "Madam, hapa tunalisha karatasi kwanza," akaniambia. "Ikishiba asubuhi, mikono inabaki ya wagonjwa. Tuko wawili, na vitanda unaviona."

Hakuwa mvivu. Alikuwa amechagua kati ya karatasi yangu na watu wake, na kwa haki yake alichagua vizuri. Mimi ndiye niliyepaswa kurudi nyuma, kuipunguza ile fomu, kuandika katika tasnifu kwamba namba zangu haziaminiki, na kuanza upya. Lakini tarehe ya kutetea ilikuwa imekaribia. Nilichomwambia, Mungu anisamehe, ni kwamba wabadilishe kalamu. Wino mmoja wa buluu kuanzia asubuhi hadi jioni ulikuwa unaonekana.

Baada ya hapo nikawa naikwepa ile pembe ya wadi. Mtungi ulisimama pale na rangi yake iliyobambuka, nami nilipita nikitazama simu.

Mama aliletwa Jumamosi. Moshi wa kukaanga samaki ulikuwa umemla mapafu miaka mingi, na safari hii homa ya mapafu ikaongezea. Alilazwa kitanda cha karibu na mlango, mrija puani, mashine ikinguruma kando yake. Ng'ambo ya korido, katika wadi ya wanaume, kulikuwa na mgonjwa mmoja tu wa oksijeni, mzee muuza viazi wa sokoni Mamboleo ambaye watu wake walitoka Mkoa wa Kati zamani. Mkewe alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Mama, ambaye hata sentensi moja hakuweza kuimaliza bila kupumzika, aliniamuru nimpelekee yule mama nusu ya mchuzi wake wa samaki. Jioni yule mama akavuka korido kuja kushukuru, wakashikana mikono kama watu waliosali kanisa moja maisha yote.

Jumapili baada ya ibada nilirudi, na sikuweza tena kuikwepa ile pembe. Nilichukua spana, nikafungua mtungi wa wadi ya wanawake. Mshale wa geji haukutingishika. Ulikuwa umelala kwenye nyekundu, na rejista iliyoning'inia juu yake ilisema umejaa, asubuhi, mchana, na jioni ambayo ilikuwa bado haijafika. Wiki ile stima ilikuwa imepotea mara kadhaa, mtungi ukatumika hadi ukaisha, na hakuna aliyesoma. Nikaenda stoo. Hakukuwa na mtungi mwingine. Hawakuagiza, kwa kuwa rejista yangu iliwaambia hakuna haja.

Nilivuka korido, nikajaribu ule wa wanaume. Ulikuwa umejaa.

Nilisoma faili la yule mzee nikiwa nimesimama. Alikuwa anaendelea vizuri. Daktari alikuwa ameandika kwamba Jumatatu asubuhi atatolewa kwenye oksijeni. Nilijiambia basi, hatauhitaji. Nilijiambia Jumatatu lori la mitungi litakuja nikilipigia simu mapema. Nilijiambia mengi, na lile ambalo sikujiambia ni kwamba ningeweza kupiga kelele siku ileile, kuwahamisha wote wawili hospitali nyingine, na kukiri kwamba rejista ni uongo. Muuguzi mkuu na mimi tuliibadilisha mitungi mchana kweupe, saa ya kuona wagonjwa. Watu walitupisha njia, wengine wakinisalimia kwa heshima. Yule mama wa viazi alitusogezea kiti kilichokuwa kimeziba.

"Na sasa hii ya huku, Madam?" muuguzi akaniuliza tulipoutua ule mtupu karibu na kitanda cha mzee.

"Kesho."

Alinitazama, kisha akautazama ukuta uliokuwa na orodha yangu. "Haya," akasema.

Jumatatu daktari alichelewa. Alikuwa kwenye upasuaji, na hakuna anayeondoa mrija wa mgonjwa bila yeye. Lori nalo lilisema litafika jioni. Kuanzia adhuhuri mawingu yalijipanga upande wa ziwa, meusi, na upepo ukaanza kupiga mabati. Nilisimama dirishani mwa ofisi yangu nikiomba mvua isije. Sijawahi kuomba hivyo, na mimi ni mjukuu wa wakulima.

Stima ilipotea saa nane na nusu. Mashine zote zikanyamaza mara moja. Nilikimbia hadi koridoni, na hapo miguu ikajua pa kwenda kabla yangu. Iliingia kushoto, kwa Mama. Muuguzi alikuwa ameshafungua mtungi, na hewa ilikuwa inapita. Niliisikia ikifoka kwenye mrija. Nyuma yangu, ng'ambo, nilisikia spana ikigonga chuma, ikagonga tena, na sauti ya mwanamke ikiuliza kwa nini haitoki. Jenereta siku hiyo ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena. Ilipowaka, yule mama alikuwa ameacha kuuliza.

Kisanduku cha mchana cha rejista ya wanaume kilikuwa kimejazwa tangu saa moja asubuhi. Umejaa. Wino mweusi.

Kesho yake mjane alikuja ofisini kwangu kuchukua karatasi ya mazishi. Aliketi ukingoni mwa kiti, kitambaa kichwani, mikono mapajani. "Mimi nilitaka tu kujua kama kuna mtu alisahau kitu," akasema. "Wakanionyesha ile kitabu. Mtungi ilikuwa imejaa. Kwa hivyo si mtu, ni Mungu. Nimekuja kukushukuru pia, Daktari, kwa vile mmekuwa mkiandika." Niligonga muhuri. Ulikaa sawasawa, umenyooka, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Mbele ya jopo, swali lilikuja karibu na mwisho. Je, katika kipindi cha mradi kuna mgonjwa aliyedhurika kwa kukosa oksijeni? Nikajibu kwamba rejista haionyeshi tukio lolote. Wakaitikia kwa vichwa. Profesa wangu peke yake hakuitikia. Alikuwa anaitazama ile grafu. Wakanipitisha.

Mama alikuwa amesharudi nyumbani. Siku ya mahafali wanawake wa Dunga walipiga vigelegele, wakanivisha shada, kila mdomo ukisema Daktari. Nilimsubiri Mama alitamke. Akanishika mashavu, akasema, "Nyathina." Mwanangu. Basi.

Walipoondoka wote, akaniambia kwa Kijaluo, polepole, akipumzika kati ya maneno, kwamba kitanda chake kilitazamana na mlango. Aliniona nikiusukuma ule mtungi kutoka kwa wanaume. "Nilidhani mlikuwa na miwili kule," akasema. "Kisha nikamsikia yule mama." Nilianza kueleza habari za lori, za daktari aliyechelewa. Akainua mkono. Hakutaka maelezo. Alinifungia ngege wawili wakubwa katika gazeti, akaniambia niwapeleke Mamboleo, na kila Jumamosi nifanye hivyo maadamu yeye yu hai.

Hajaniita Daktari tena. Hospitali nyingine mbili zimeomba nakala ya rejista yangu, na nimewatumia, kwa kuwa kukataa kungehitaji sababu. Nilijaribu kuipunguza yetu iwe mara moja kwa siku. Niliambiwa siwezi kugusa kitu kilichofaulu.

Jumamosi iliyopita nilifika Mamboleo, samaki mkononi. Mjane alikuwa nyuma ya vilima vyake vya viazi. Kama kawaida, aliniuliza kabla ya salamu kama Mama anapumua vizuri. Nikasema anapumua. Akamshukuru Mungu kwa sauti, akachagua viazi vikubwa kimoja kimoja, akijaza mfuko wa kumpelekea rafiki yake, na akanikabidhi kwa mikono miwili.