Eleza Uzembe Wako kwa Ukamilifu

Wazazi wake walimpa jina zuri tu, ila hospitalini halikuwa na kazi. Wauguzi walimwita Robo Tatu, kwa sababu mwaka wa kumi na moja huu alikuwa akiwapigia kelele kwamba sanduku la sindano zilizotumika likijaa robo tatu lifungwe, lisiongezwe hata sindano moja, na kamwe lisishindiliwe. Aliyasema hayo wodini, akayasema kwenye foleni ya chai, na mkewe aliapa kwamba aliwahi kuyasema usingizini. Mwenyewe alijiona mtu mwenye msimamo.

Alikuwa msimamizi wa taka. Kila asubuhi alisukuma toroli lenye mfuniko wodi kwa wodi: mifuko miekundu ya vitu vyenye damu, mieusi ya makaratasi na mabaki ya chakula, na masanduku ya sindano, vyote akivikagua kabla ya kila kimoja kupelekwa mahali pake. Vya hatari viliishia kwenye tanuri nyuma ya chumba cha kufulia. Ganda la ndizi likionekana kwenye mfuko mwekundu, alilipiga picha, akaibandika picha ukutani kama ya mhalifu anayesakwa.

Lakini fahari yake hasa ilikuwa fomu ya mtu aliyejichoma na sindano iliyotumika. Aliitunga mwenyewe, akaweka na sharti kwamba bila fomu hakuna dawa za kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi. Swali la kwanza lilikuwa jina, la pili saa. La tatu alilifikiria wiki nzima: “Eleza uzembe wako kwa ukamilifu.” Chini yake mistari minane. Kwa miaka minne hakuna aliyeijaza, naye kila kikao alisimama akatangaza kwamba ajali ni sifuri, akakaa taratibu ili makofi yamkute bado hajafika kitini.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alikuta sanduku la wodi ya wazazi limepita mstari na kifuniko hakifungi. Utaratibu aliuandika yeye: lisiguswe juu, litiwe lilivyo kwenye ndoo kubwa. Ndoo ilikuwa ghorofa ya chini. Glavu nene zilikuwa kwenye toroli, maana zinamtoa jasho. Alitazama kushoto, akatazama kulia kama mwizi wa kuku, akalishindilia kwa kiganja.

Sindano ikamchoma chini ya kidole gumba.

Aliosha kwa maji na sabuni, kama bango lake lilivyoagiza. Alijua dawa zinatakiwa zianze mapema, saa chache tu, na kwamba siku tatu zikipita ni kujisumbua. Akajifungia stoo na fomu. Kufika saa sita alikuwa ameandika kwamba sanduku lilikuwa dhaifu. Akachana. Kufika saa nane kiganja kilikuwa “kimeteleza”. Akachana. Akawaza kunyamaza, maana sindano nyingi hazina lolote; hoja hiyo alikuwa ameipiga marufuku kwa herufi kubwa.

Saa tisa akampigia simu mkewe, fundi cherehani.

“Mama watoto, nimechomwa na sindano.”

“Pole. Mimi leo tatu.”

“Ya hospitali.”

Cherehani ikanyamaza. “Umemeza dawa?”

“Najaza fomu.”

“Tangu saa ngapi?”

“Saa nne.”

“Ina kurasa ngapi hiyo fomu?”

“Moja.”

“Sikiliza, baba. Usipoipeleka sasa hivi nakuja hivihivi na utepe wangu shingoni, nikujazie mbele ya wauguzi wote. Na uzembe wako mimi ninao wa miaka kumi na tisa. Mistari minane haitanitosha.”

Aliandika neno moja, “Nilishindilia”, akampelekea sista wa wodi ya wazazi. Sista alisoma, akageuza karatasi kuona kama kuna zaidi, akamtoa damu ya kupima na kumpa kidonge na maji.

“Mimi ndiye wa kwanza,” alisema Robo Tatu, akiinamisha kichwa.

“Wa kwanza kujaza. Kujichoma, kwenye wodi hii tu, wewe ni wa tano.”

“Hao wanne walifanyaje?”

“Waliosha mikono wakamwomba Mungu. Mmoja ni mimi. Miezi mitatu sikulala vizuri. Lakini bora hivyo kuliko kukueleza wewe uzembe wangu.”

Robo Tatu alimeza kidonge, akaweka glasi chini. “Ukapima?”

“Salama. Bahati tu, kaka.”

Akaomba kalamu. Akafuta swali la tatu, mistari yote minane, akabaki ameshika kalamu hewani. “Niandike nini sasa?”

“Anza na pole.”

“Pole si lugha ya fomu, sista.”

Sista akamsogezea karatasi. Robo Tatu akaandika pole.

Vidonge vilimpa kichefuchefu siku ishirini na nane, naye aliona ni haki. Kipimo cha mwisho kilitoka salama. Kufikia hapo fomu mpya kumi na moja zilikuwa zimejazwa, na kila mwenye fomu alikuwa amepata dawa siku ileile. Uongozi ukamwandikia barua, ukimtaka aeleze kwa nini ajali zimeongezeka ghafla chini ya usimamizi wake.

Alijibu kwamba hazijaongezeka. Zimeanza kusema.