Mashine Iliyovalishwa Sweta

Ifahamike kwa wananchi wote wa Nyanda za Juu Kusini, walio mijini na walio katika vijiji vya ujamaa, wenye redio na wasio na betri, kwamba mnamo mwezi wa saba mwaka elfu moja mia tisa sabini na tano alipatikana mjini Mbeya mtu mmoja, Ndugu Silvester Kikoti, mzaliwa wa Tosamaganga, umri miaka hamsini na mitatu, elimu darasa la nne la misheni, cheo kibarua, ambaye alijua kwa yakini kwa nini mashine huzima. Ifahamike pia kwamba kujua huko hakukumsaidia kitu.

Ukibarua wake ulikuwa na umri wa mtoto wa darasa la tano. Miaka kumi na mmoja alikuwa akitengeneza kila kilichoharibika katika Kitengo cha Makisio ya Mavuno: kengele ya mlangoni, birika la umeme, taipureta, na redio ya mkuu wa kitengo, ambayo haikuwa mali ya serikali lakini ilikuwa ikiharibika saa za serikali. Kila Desemba aliachishwa kazi kwa siku tatu, kisha Januari akaandikwa upya, ili asije akazoea. Kitu kimoja tu alikitaka duniani: barua ya ajira ya kudumu. Mwenye barua ile akizeeka anapewa kitu. Kibarua akizeeka anapewa kwaheri. Na barua ilikuwa na mpaka wake, kwa maana mtu akishatimiza miaka hamsini na mitano serikali haimwajiri tena, inamsindikiza.

Mkewe, Severina, aliyebaki Tosamaganga na shamba na paa lenye matundu, alikuwa akimuuliza kila likizo kabla hata ya kumpokea mzigo.

"Barua?"

"Iko njiani."

"Barabara ya lami wameshamaliza mpaka Zambia, mume wangu. Hiyo barua yako inatembea kwa miguu?"

Ufundi aliupata Iringa kabla ya Uhuru, katika duka la redio la mzee Premji, nyuma ya soko. Premji hakuwa na cheti ukutani, lakini alikuwa na sheria. Kwanza weka mkono, alisema, halafu fikiri, halafu ndipo ushike bisibisi. Anayeanza na bisibisi si fundi, ni mwizi ambaye hajakamatwa.

Sasa mwaka ule, wafadhili kutoka nchi moja yenye theluji walikiletea Kitengo mashine ya hesabu ya umeme, ya kukaa mezani. Ilikuwa na ukubwa wa sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, tarakimu nyekundu zinazowaka, na utepe wa karatasi unaotoka ubavuni kama utumbo. Kwenye barua za kiserikali iliitwa mashine ya hesabu. Mjini iliitwa kompyuta. Wafagiaji waliiita Mzungu, kwa sababu ilikuwa na chumba chake peke yake.

Mkuu wa Kitengo alikuwa Ndugu Magesa, mtu wa Musoma aliyehamishiwa Mbeya na hakuwahi kuisamehe baridi yake. Mbele ya watu aliitwa Ndugu, ofisini kwake aliitwa mzee, na hakuna aliyewahi kukosea mlango. Siku ya tatu mkewe, Mama Roza, aliletwa kuiona mashine. Akaizunguka. Akaigusa. Ilikuwa mwezi wa sita, asubuhi ambayo hata ng'ombe wanatoa moshi puani.

"Kitu cha bei hivi," akasema, "mmekiacha uchi?"

Hakuna aliyecheka, maana nyumbani kwa kila mmoja wao redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, makochi yalikuwa na vyao, hata chupa ya chai ilikuwa na kofia. Kitu cha thamani kinavikwa. Kikiachwa wazi, majirani watasema hujui ulichonacho. Mama Roza akafuma wiki mbili. Akaleta sweta zito la sufu, rangi ya kijani, ndani limeshonewa flaneli ili vumbi lisipite, mbele limeachwa dirisha la vibonye na tarakimu. Juu ya dirisha, kwa herufi za njano, lilisema SIASA. Ubavuni lilisema NI. Mgongoni, kwa herufi kubwa kupita zote, lilimalizia wito wa chama: KILIMO. Mashine ikavalishwa, ikapigwa picha, na picha ikatumwa Dar es Salaam.

Wiki hiyohiyo ikaanza kuzima.

Haikuzima kwa kishindo. Tusekile, binti wa Rungwe aliyekuwa akiiendesha, angeanza asubuhi kuingiza makisio ya Chunya, aende Mbeya, aende Mbozi, na akiwa anakunja kona kuelekea Rungwe tarakimu zinapepesa mara moja na kufa, na hesabu zote zinakufa nazo. Akiiacha ipumzike, inawaka. Anaanza tena Chunya. Akifika Mbozi, inakufa.

"Kwetu mwaka huu hatukuvuna," alikuwa akisema Tusekile. "Tumekula mawe."

Vikao vikaitishwa. Mmoja akasema ni umeme wa Mbeya, mwingine akasema ni roho ya mtu aliyezikwa chini ya jengo. Shija, katibu wa tawi la chama kazini, alisikiliza wote, akafunga daftari lake na kusema neno moja: hujuma. Kisha akamtazama Tusekile kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu.

Ndipo Magesa akamwita Silvester ofisini.

"Wageni kutoka Dar wanakuja tarehe ishirini na nane," akasema. "Mashine ikienda bila kuzima mpaka waondoke, barua yako ya kudumu naisaini siku hiyohiyo. Mimi mwenyewe."

"Asante, mzee."

"Usinishukuru. Itengeneze."

Silvester alihesabu. Siku tisa mpaka wageni. Mwaka mmoja na miezi minane mpaka hamsini na mitano.

Hakushika bisibisi. Siku ya kwanza alichomeka taa ya meza kwenye soketi ileile ya mashine. Mashine ikazima, taa ikaendelea kuwaka kana kwamba haimjui aliyekufa. Umeme basi hauna kosa. Akautikisa waya, akaipindapinda plagi, akaangalia fyuzi. Vyote vizima. Siku ya pili aliketi na saa ya mkononi na kipande cha karatasi. Asubuhi yenye ukungu mashine ilidumu dakika hamsini. Saa nane mchana, jua likiingia dirishani, ilidumu ishirini na tisa. Siku ya tatu akaingiza mkono chini ya sweta, taratibu, kama mama anayempima mtoto homa, na akautoa upesi.

"Tusekile, njoo ushike hapa."

Tusekile akashika. "Mwe. Unaweza kuchoma mhogo."

Mgongoni mwa mashine, chini ya flaneli na chini ya KILIMO, palikuwa na matundu kama ya chekeche, na nyuma ya matundu feni ndogo inayohangaika. Mtengenezaji alikuwa ameipa mashine pua. Mama Roza alikuwa ameiziba. Na mashine, ambayo huko kwao ilikuwa imefundishwa kujiokoa, ikizidiwa na joto ilijizima isije ikaungua.

Watu walipokwenda zao nyumbani, wakaivua sweta. Ikaenda saa nne mfululizo. Kwa mara ya kwanza Rungwe ikavuna mahindi. Wakaivalisha. Dakika thelathini na tano, ikafa. Tusekile alicheka mpaka akatafuta kiti, kisha akaacha kucheka ghafla.

"Baba, usiseme."

"Nisiseme nini? Ugonjwa nimeuona."

"Ugonjwa umeuona. Aliyeufuma hujamwona?"

Silvester akasema. Alikwenda kwa Magesa, akafunga mlango, akaeleza kwa sauti ya chini, kwa maneno machache, bila kutaja jina la mke wa mtu. Magesa alikuwa mtu mwenye akili. Alielewa kabla Silvester hajamaliza, na hilo ndilo lililomkasirisha.

"Unataka niende nyumbani nikamwambie mama watoto kwamba sweta lake linaua mashine ya serikali."

"Lingevuliwa tu siku ya wageni, mzee."

"Picha yake iko Dar. Watauliza liko wapi. Nitawaambia nini, kwamba Siasa ni Kilimo tumeivua kwa sababu ina joto?" Akaiangalia kalamu yake. "Tafuta sababu nyingine."

"Nyingine haipo, mzee."

"Fundi mzuri hakosi sababu nyingine, Silvester. Barua unaitaka au huitaki?"

Mtu mwenye miaka thelathini angekasirika. Silvester alikuwa na hamsini na mitatu, akafikiri. Mashine isizime. Sweta lisivuliwe. Asubuhi ya tarehe ishirini na nane alifika kabla ya wafagiaji, akageuza mashine, akapasua mshono wa flaneli, na kwa sindano ya Severina akafumua uzi mmojammoja, polepole, bila kukata hata mmoja, mpaka matundu yakabaki wazi. Uzi akauviringa vizuri kama donge, akauweka mfukoni ili jioni aurudishie. Akaisogeza mashine mgongo ukaelekea ukutani, amebakiza nafasi ya kupumulia. Kwa mbele ilikuwa imevaa kama kawaida. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na Premji angeitazama na kuguna mara moja, ambako kwake kulikuwa ndiko kusifu.

Wageni wakaja saa tatu, wanne, wamevaa suti za Chou En-lai. Tusekile akaanza Chunya. Mbeya. Mbozi. Akakunja kona. Rungwe, na haikupepesa. Kyela. Saa tano na nusu utepe wa karatasi ulikuwa umefika sakafuni na mgeni mkubwa akawa ameushika mkononi akiusoma kama telegramu ya kheri. Wakapiga makofi. Magesa akamtafuta Silvester kwa macho pale mlangoni, akatikisa kichwa kidogo kuitikia. Miaka kumi na mmoja ilikuwa ndani ya kichwa kile kilichotikiswa.

"Na kazi ya mikono ya akina mama wetu hamjaiona yote," akasema Mama Roza, ambaye alikuwa amealikwa kumimina chai. "Maandishi makubwa yako nyuma."

Akaigeuza mashine kwa mikono yake miwili.

Palikuwa na tundu. Mbele SIASA, ubavuni NI, na mgongoni, mahali pa KILIMO, bati tupu lenye matundu na feni inayozunguka kwa furaha. Mgeni mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kusoma kwa sauti, akafika katikati, akaamua kunywa chai.

Kikao kilikaa siku hiyohiyo alasiri. Shija alifungua daftari.

"Ndugu Silvester, ni wewe uliyeondoa kilimo?"

"Nilifumua uzi, ndugu katibu. Huu hapa, haukupotea."

"Jibu swali. Umeondoa kilimo, umebakiza siasa peke yake. Ulikuwa unataka kuwaambia nini viongozi?"

"Nilitaka ipumue."

"Nani apumue?"

"Mashine. Na haikuzima."

"Hapa hatuulizi mashine."

Tusekile akaulizwa kama alimwona akifanya. Akaviangalia viatu vyake. "Sikuona," akasema. Silvester hakumlaumu. Binti alikuwa na barua yake, na mwenye barua ana cha kupoteza. Magesa alikuwa akiandika kitu, na kalamu haikuwa na wino.

Kibarua hafukuzwi, kwa kuwa hajaajiriwa. Aliambiwa tu kwamba Desemba ya mwaka huo imewahi. Mama Roza alipewa uzi wake, akaifuma upya KILIMO, safari hii kwa nyuzi mbilimbili. Kitengo kikatoa mwongozo kwamba kwa hali ya hewa ya Nyanda za Juu muda wa kazi wa mashine ni dakika thelathini kwa siku, na akaajiriwa kijana wa ukoo wa Shija, kwa masharti ya kudumu, kusimamia mapumziko yake. Rungwe ikaendelea kukisiwa kwa macho.

Silvester alimweleza Severina habari yote, hadi ile ya donge la uzi.

"Kwa hiyo barua haiko njiani tena," akasema Severina.

"Haiko."

"Basi nitanunua bati moja moja."

Silvester alikwenda Igawa, kando ya barabara kuu, akaweka meza chini ya kibanda cha mabua ya mpunga, akawa anatengeneza redio na karabai za wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini. Aliweka mkono kwanza, akafikiri, ndipo akashika bisibisi. Walimwita Fundi Mkono. Mwaka wa sabini na sita ukapita. Wa sabini na saba akaupitisha mezani palepale, siku yake ya kutimiza hamsini na mitano akitengeneza redio ya mtu aliyelipa kwa jogoo.

Katikati ya mwaka wa sabini na nane Land Rover ya serikali ilisimama mbele ya kibanda. Akashuka Magesa, mvi zimemwingia, na bahasha ya kaki. Mashine ilikuwa imeungua. Si kuzima, kuungua. Kile kifaa chake cha kujiokoa kilichoka kuokoa. Wafadhili walikuwa wakija baada ya wiki mbili kuikagua kabla ya kutoa nyingine kumi, na katika mikoa ya Mbeya na Iringa hakuna aliyejua pa kuanzia.

"Kamwene, Silvester."

"Kamwene, mzee. Karibu. Kiti ni hicho, kina mguu mmoja mgonjwa."

Magesa hakukaa. Alifungua bahasha, akajinyoosha, na pale kando ya barabara, malori ya Zambia yakipita, akasoma kwa sauti ya kikao. Kwamba Taifa limetambua mchango wake. Kwamba yaliyopita yalikuwa ni kutoelewana. Kwamba kuanzia tarehe ya barua hii Ndugu Silvester Kikoti anaajiriwa kwa masharti ya kudumu, pamoja na haki zote za uzeeni, na kwamba saini na muhuri vipo. Akaiweka juu ya meza, kati ya redio mbili zilizofunguliwa matumbo, akatoa kalamu.

"Pamebaki pa umri tu," akasema. "Nikuandikie nini?"

Silvester alifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kila kidole.

"Andika hamsini na sita, mzee."