Mlango wa Choo Juu ya Chemchemi

Aliyeharibu maji ya chemchemi yetu ni mimi. Na mwenyekiti wa kamati iliyoundwa kumtafuta aliyeharibu, pia mimi. Nayaweka yote mawili hapa mwanzo, anayetaka kucheka acheke mapema tuendelee.

Nakaa Busunzu, Kibondo. Mihogo yetu ni michungu, ina sumu, lazima uiloweke siku kadhaa mpaka ilainike ndipo uianike upate unga. Wenyewe tunaiita ikivunde. Sasa pipa letu la kulowekea lilitoboka, nikaona nichimbe shimo juu kilimani, penye udongo wa mfinyanzi, maana mfinyanzi haupitishi maji. Hilo nililisoma kidato cha pili, na kidato cha pili ndiko nilikoishia, kwa hiyo sikufika pale wanaposema mvua ikinyesha shimo linafurika. Nikajaza mihogo, nikafunika na mlango wa choo chetu cha zamani, nikaenda Kasulu kwenye harusi. Niliaga siku tatu. Nikakaa tisa. Pilau lilikuwa jingi.

Nilirudi Jumanne, mvua zimeshapiga. Chini ya kilima ndipo ilipo chemchemi, na chini yake kidogo kuna kibanda cha chai cha mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka Burundi, rafiki yangu wa miaka mingi. Nilimkuta bwana afya pale, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi, kashika kikombe mbali na pua.

"Hii chai inanuka."

"Inanuka nini?" nikauliza, huku nakunywa yangu.

"Uozo! Kwani nyie hamsikii?"

Tukanusa wote. Kusema kweli hatukusikia kitu. Harufu ile kwetu ni ya chakula cha mchana, nani ataishtukia? Kwao wanakula ndizi.

Akaenda kunusa chemchemi, akarudi anaangalia choo cha yule mama. "Choo kipo karibu mno na maji. Chanzo kisipojulikana mpaka Ijumaa, nafunga kibanda na choo kinafukiwa." Kibanda hicho ndicho kinachosomesha watoto wake. Mama akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Ikaundwa kamati ya watu watatu. Uenyekiti nilipewa kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuhutubia. Nikawaeleza kwamba maji yanaharibiwa na mbolea ya dukani ikisombwa na mvua, na dawa ya kupulizia nyanya, na vinyesi vya ng'ombe, na oili ya pikipiki wanazooshea mtoni. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilitaja kila kitu isipokuwa muhogo. Wakati huo nilikuwa bado sijajua, naapa.

Nilijua Jumatano, mke wangu aliponiuliza, "Hivi ile mihogo ulishaitoa?"

Nikamwambia mihogo iko salama.

Alhamisi nikaipeleka kamati kwenye uchunguzi. Niliipeleka bondeni.

"Mwenyekiti," bwana afya akasema, "maji si yanatoka juu?"

Nikamjibu kwamba uchunguzi unaanzia kwenye madhara. Sijui nililitoa wapi hilo, lakini aliliandika. Tulizunguka mpaka mchana, tukapata kandambili moja ya kushoto na chupa tupu ya dawa ya nyanya.

Ijumaa asubuhi bwana afya akaja na kufuli. Mama alikuwa anapanga vikombe kwenye beseni, kimoja kimoja, anavitenganisha na kanga visigongane. Akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mwenyekiti, choo nianze kukifukia leo au kesho?"

Nikasema, "Twendeni juu."

Mlango ule kila mtu anaujua. Ni wa bati la bluu, una tundu la umbo la moyo nililolikata mwenyewe ili mwanga uingie. Mjumbe mmoja akaanza, "Huu si mlango wa..."

"Ndiyo. Ni wangu."

Tukauinua. Mihogo ilikuwa imeshakuwa uji, na uji unatiririka taratibu kuelekea chemchemi.

"Hiki ni nini?" akauliza bwana afya.

"Chakula."

Akaenda pembeni kidogo, akakaa huko.

Aliporudi alinieleza mbele ya watu wote kwamba ile sumu inayotoka kwenye muhogo haipotei, inahamia kwenye maji. Muhogo uloweke nyumbani kwenye pipa, maji yake umwage mbali na chanzo, na juu ya chemchemi pasichimbwe kitu wala pasilimwe. Maji yakakatazwa mpaka chemchemi isafishwe. Choo cha mama akakiangalia upya, akakubali kwamba kiko chini ya chemchemi na uchafu haupandi. Mimi nikachimba mtaro wa kukinga maji ya mvua na kujenga uzio. Mlango wangu sikurudishiwa. Ndio geti la uzio, na kila anayekwenda kuchota maji anachungulia kwanza kwenye ule moyo.

Chemchemi ilipofunguliwa nilikwenda kunywa chai. Mama akanimiminia, akakaa mbele yangu.

"Mimi nilijua tangu Jumanne," akasema. "Ikivunde nimeila tangu sina meno, nisiijue harufu yake? Na juu kule nani mwingine ana mlango wa bluu?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, wangesema mtoto wa wakimbizi anamsingizia mwenyeji ili aokoe choo chake. Nikasema ngoja, rafiki yangu atapanda mwenyewe." Akanisogezea sukari. "Ila baba, kilima chenyewe dakika kumi. Wewe umekipanda siku tatu."