Kitambaa Chenye Fundo

Mtaa mzima ulimwita Bwana Uhakika, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Miaka ishirini na sita alikuwa akizibua mabomba ya watu, na ukimuuliza kama kazi itadumu, alikujibu neno moja tu: "Uhakika!" Akisikia fundi mwenzake kaharibu mahali, alicheka mpaka machozi yamtoke. Nyani haoni kundule, jamani.

Asubuhi hiyo aliitwa ghorofa ya pili, kwa mkunga mstaafu aliyeishi na mwanawe wa kiume. Hodhi lao la kuogea, lile jeupe refu la mtu kujilaza, lilikuwa limeziba. Miezi kadhaa maji yalishuka kwa kujivuta, na mwezi huu yakagoma kabisa. Muda wote huo fundi hakuitwa, maana mwenye kosa alishajulikana.

"Ukishindwa leo, kesho wanakuja kulivunja," mwana alisema mlangoni, mikono kifuani. "Tutaweka bomba la mvua, yaishe. Mama anajipaka mafuta, nywele zake zote zimo humo. Nimemwambia mpaka nimechoka."

Mama alikaa kwenye kigoda pale koridoni, akisugua magoti. Kitu pekee kilichoyatuliza magoti hayo kilikuwa kulala ndani ya maji ya moto. Kusimama chini ya bomba la mvua asingeweza hata dakika tano. "Nisamehe, mwanangu," alimwambia mwanawe kwa sauti ndogo. "Siku hizi naoga kwa beseni tu, silichafui tena." Fundi alisikia na moyo ukamuuma. Mtu mzima kuomba radhi kwa kuoga kwake, loo!

Akafungulia maji kidogo, akaanza kazi. Aliziba kwa tambara bichi lile tundu la juu linalozuia hodhi lisifurike, kwa sababu ukiliacha wazi nguvu zote hutokea huko nawe unabaki kusukuma hewa. Kisha akabandika mpira wa kuzibulia kwenye tundu la chini, akasukuma na kuvuta mara ishirini. Wapi! Akayachota maji kwa kopo, akaondoa kifuniko cha ubavuni mwa hodhi, akatega ndoo, akafungua kwa spana kona ya bomba aliyoifunga mwenyewe miezi minane iliyopita. Kona ilikuwa safi. Akaingiza waya wenye ndoano bombani, akauzungusha polepole mpaka ukashika kitu kizito, akavuta.

Likatoka donge la nywele na sabuni, linanuka hilo! Ndani yake mlikuwa na kitambaa cha njano chenye maua ya kijani, na ncha moja imefungwa fundo.

Alikitambua papo hapo. Lilikuwa pazia la zamani la nyumbani kwake, mkewe ndiye aliyelikata vipande. Kila alipofungua bomba, alichomeka kipande kimoja mdomoni mwa bomba hilo ili harufu ya maji taka isipande, na kila kipande alikifunga fundo, apate pa kushika wakati wa kukichomoa. Alijigamba kwamba hakuna fundi mwingine mwenye mtindo huo. Siku ile, miezi minane iliyopita, simu ililia katikati ya kazi, akaongea, akacheka, akarudi akafunga kona. "Uhakika!" akasema, akaenda zake.

"Nywele, siyo?" mwana aliuliza. "Si nilisema!"

Kitambaa kilikuwa kimefunikwa na nywele, nani angejua? Ilitosha kuitikia kwa kichwa tu na kukitupa ndooni, jina likabaki salama. Lakini mama alikuwa ameinamisha uso pale kwenye kigoda, anangoja kusomewa mashtaka. Bwana Uhakika akajikaza kisabuni, akakisuuza kitambaa mpaka rangi ikaonekana.

"Hapana, ndugu yangu, nywele zilinasa tu hapa," alisema. "Mama, hiki kitambaa ni changu. Nilikisahau ndani ya bomba siku ile. Wewe hukukosa lolote. Nisamehe sana, mama yangu."

Mama alikipokea, akaligeuza lile fundo kwa vidole vilivyofunga vitovu vya watoto wasiohesabika.

"Miezi minane," alisema bila kupandisha sauti, "namwomba radhi mtoto niliyemzaa mwenyewe, kwa kosa lisilo langu."

Mwana alitazama viatu vyake. "Mama, mimi..."

"Ngoja kwanza. Fundi, nifungie bomba langu. Safari hii ni uhakika?"

"Nitakagua mara mbili, mama," fundi alijibu.

Alikagua mara tatu. Kisha akafungulia maji, nayo yakazunguka tunduni yakashuka yote, mpaka tone la mwisho. Mama akainuka kwa kushika ukuta, akaingia bafuni.

"Haya, tokeni nyote wawili. Nataka kuoga."

Wakasimama koridoni bila kutazamana, wakiyasikia maji ya moto yakijaa. Mwana akatoa simu, akawapigia wale wavunjaji, akawaambia wasije. Walipomuuliza kwa nini, aliutazama mlango wa bafu.

"Kosa halikuwa la mama," akasema.